Uzi wa redio: wati tano zinafika mbali, chaja za bei poa ndizo zinazotukwamisha

NuktaTano (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kwenye uzi wa mafundi kuna mdau kasema redio ya kurusha yenye wati tano ni ya kuchezea watoto, haiwezi kutoka Tanga mjini ikafika hata Pangani. Sikutaka kuwaharibia mada yao, nimehamia huku.

Mimi ni mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni, niko Tanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini sivuki wati tano. Kwa wati hizo nimezungumza na Italia, Ukraine, Japani na Brazili. Mtindo huu unaitwa QRP, herufi tatu za telegrafu ya zamani za kumwambia mwenzako apunguze nguvu. Mwisho wake ni wati 5 kwa Morse (herufi zinazogongwa kwa nukta na mistari) na wati 10 kwa sauti. Wanaoshuka chini ya wati moja wanaandika QRPp, hao ndio wendawazimu wenyewe na ninawapenda sana. Uingereza kuna klabu ya mchezo huu tangu 1974, G-QRP Club, iliyoanzishwa na mchungaji George Dobbs, alama yake ya wito (jina la leseni la mwanaredio hewani) G3RJV, aliyefariki 2019. Jarida lao, SPRAT, limejaa michoro ya redio za kutengeneza mwenyewe mezani kwa transista za bei ya maandazi.

Hoja yangu ni hii: ukimwona mtu wa wati tano hapati watu, mara nyingi wati hazihusiki kabisa. Kelele za umeme wa mtaani kwake ndizo zinazomuua. Nitaeleza, ila niulizeni kwanza, maana nikianza sinyamazi.

KilazaMwandamizi

Mkuu, swali la kizushi. WhatsApp ipo, bando lipo. Kwa nini mtu mzima akae gizani anagonga kidude ti-ti-ti ili azungumze na mzee wa Kiitaliano asiyemjua?

NuktaTano

Hahaha, gizani nitakuja huko, una karama. Kwenye WhatsApp unajua unampigia nani. Hapa unaita CQ, yaani "yeyote anayenisikia", halafu unakaa kimya. Atajibu nani, hujui. Inaweza kuwa baharia, mwanafunzi wa chuo Poland, mzee yuko kwenye kibanda cha likizo Finland. Na katikati yenu hakuna mnara wala kampuni wala bando. Ni waya wako, waya wake na tabaka la anga linalotiwa chaji za umeme na jua. Kama hiyo haikusisimui, kweli huu mchezo haukufai, na hakuna ubaya. Mimi mpira wa miguu haunisisimui.

MzeeWaPweza

Mimi ndiye niliyesema Pangani. Na bado nasema. Nilikuwa na ile redio ya mkononi ya Kichina, wati tano hizohizo, haikuvuka mitaa miwili. Usitudanganye.

NuktaTano

Mzee wangu shikamoo. Kwa Pangani uko sahihi kwa sehemu, ila sababu siyo unayoidhani.

Redio ya mkononi inatumia masafa ya juu, megahezi 140 na kitu au 400 na kitu. Mawimbi hayo yanakwenda mstari ulionyooka, yakikutana na ghorofa au mgongo wa kilima ndiyo basi. Mimi natumia masafa mafupi, bendi ya mita 20, megahezi 14. Haya yanapanda juu, yanakutana na ayonosfea, lile tabaka la anga nililolitaja, kilomita mia mbili, mia tatu huko, yanapindwa na kurudishwa chini. Yakitua yanatua mbali. Roma ni karibu kilomita 5,900 kutoka hapa, ninaipata jioni nyingi. Pangani ni pua na mdomo, na kwenye bendi hiyo siipati, kwa sababu wimbi linaruka juu ya vichwa vya watu wa Pangani wakiwa wamekaa wanakula samaki. Hata Dar siipati. Nikitaka Dar nashuka bendi ya mita 40, mchana, waya ukiwa chini kidogo ili wimbi lipande wima na kurudi wima.

Sasa hesabu ya wati, kwa wanaopenda hesabu. Jamaa wengi wana redio za wati 100. Tofauti ya 100 na 5 ni desibeli 13 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, kila 10 ni mara kumi). Mita ya redio inasoma kwa ngazi za S, na kila ngazi ni desibeli 6. Kwa hiyo yule wa wati 100 ananizidi ngazi mbili na kidogo. Anaposomeka S7, mimi nasomeka kama S5. Anayenisikiliza anaona tofauti, lakini ananisikia vizuri tu, hasa kwa Morse, ambapo redio inachuja kipande chembamba cha sauti na kutupa mengine yote.

BinUnguja_Muscat

Yakhe, umenikumbusha mbali. Mie nipo Muscat, asili yetu Unguja. Huku mambo haya yana heshima yake. Sultani Qaboos mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mwanaredio, alama yake A41AA. Mie nimesoma Morse ukubwani, kichwa kigumu. Huo waya wako umeufunga vipi na chumvi ya bahari? Wangu kila mwaka unakuwa kijani.

NuktaTano

Ahlan, ndugu yangu. Muscat kwangu ni karibu kilomita 3,800, bendi ya mita 15 mchana inakufaa sana.

Waya: acha kutumia shaba tupu pwani. Natumia waya wa umeme wa kawaida wenye plastiki, ule mwembamba wa nyuzinyuzi. Urefu wa dipoli, yaani antena ya waya inayolishwa katikati, ni 143 gawanya kwa megahezi, unapata mita. Kwa megahezi 14.060 ni mita 10 na sentimita 17, ukate katikati, kila upande mita 5 na kitu. Ukiwa na plastiki unaishia mfupi kidogo, kwa hiyo anza na mrefu kisha punguza vidole viwili viwili huku unasoma mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye waya.

Lakini siku hizi nyumbani natumia waya mmoja wa mita 20 unaolishwa kutoka mwisho. Unafanya kazi kwenye mita 40, 20, 15 na 10 bila kubadilisha chochote. Mwisho wa waya kama huo una ohmu elfu mbili na mia kadhaa, redio inataka 50, kwa hiyo unaweka transfoma ndogo: pete ya feraiti (kauri nyeusi yenye chuma) aina ya 43, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya. Uwiano ni 1 kwa 7, ohmu zinagawanyika kwa 49. Nimeiweka kwenye kopo la plastiki, nikaliziba.

Kuupandisha: manati, jiwe laini, mshipi wa kuvulia. Mshipi ukishapita juu ya tawi la mwembe unafunga kamba, unavuta. Vihami ni vipande vya bomba la maji la plastiki. Kwenye maungio nazungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nauvuta sana ukiwa unazunguka, juu yake utepe mweusi. Mvua ya masika haijawahi kuingia. Na masika hayohayo, wingu likinguruma, kebo inachomolewa na kutupwa nje ya dirisha. Hilo halina mjadala.

Majirani? Mwanzoni mjumbe alikuja, kaambiwa kuna mtu anaongea na nchi za nje usiku. Nikamwonyesha leseni ukutani, nikamvalisha spika za masikioni. Kasikiliza, kasema "hawa wanalipwa?" Nikamwambia hapana. Akaondoka na huruma.

Dada_wa_Kisumu

Niko Kisumu, leseni nimeipata juzi tu kutoka CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya. Nina redio ya kujiungia mwenyewe, QCX, wati tano, mita 20. Nikiwasha usiku nasikia tu mvumo, kama mtu anakaanga kitu, na mita imesimama juu. Watu wananiambia ninunue ya wati 100. Nina pesa ya kitu kimoja tu.

NuktaTano

Dada, ficha hiyo pesa. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mvumo unaousikia hautoki angani. Radi za mbali zinapasuka, kra, kra, halafu zinapumzika. Mvumo usiopumzika, unaoanza jua likizama, ni taa na chaja. Taa ya LED na chaja ya simu zote mbili zina kasakiti kanachokata umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde ili kuushusha. Kila mkato unatoa takataka za masafa hadi juu huko kwenye megahezi. Mwenye kiwanda anatakiwa aweke koili na kapasita ya kuzizuia. Fungua chaja ya bei poa uone: kwenye ubao nafasi ya koili imechorwa kabisa, imeandikwa L1, na badala ya koili wamelehemu kipande cha waya. Wameokoa senti, wewe umeikosa bendi.

Sasa rudi kwenye hesabu. Kelele yako ikiwa S7 badala ya S1, umepoteza ngazi sita, desibeli 36, ambayo ni nguvu mara elfu nne hivi. Maana yake mtu wa wati 100 aliyekuwa anakufikia vizuri angehitaji wati laki nne ili umsikie vilevile. Na wewe ukinunua wati 100 umeongeza desibeli 13 za kusikika, lakini za kusikia hujaongeza hata moja. Utaita, Ulaya nzima itakujibu, wewe utakuwa unasikia kaango.

Fanya hivi. Iendeshe redio kwa betri peke yake, hata ya pikipiki inatosha. Hiyo QCX ikiwa inasikiliza inakula miliampea mia na kitu, betri ya Ah 7 utachoka wewe kabla yake. Halafu zima swichi kuu ya nyumba. Mvumo ukifa, adui ni wako: washa kitu kimoja kimoja mpaka umpate. Usipokufa, adui yuko kwa jirani. Chukua karedio kadogo ka AM, weka mahali pasipo na stesheni, utasikia mvumo uleule. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kimelala. Zungusha redio taratibu. Kijiti kikielekeza ncha yake kwenye chanzo, sauti inazama. Fuata mwelekeo huo, sogea, zungusha tena.

Mimi kwa njia hiyo nilifika dukani kwa Mangi. Kelele ilikuwa inaanza maghrib na kukatika alfajiri, bila kukosa, hata Jumapili. Nikazunguka na karedio sikioni mpaka chini ya taa yake ya nje. Nikamwambia kaka, zima kidogo. Akazima, kimya. Washa. Ngrrr. Nikamnunulia balbu nyingine niliyoijaribu kwangu, nikaifunga mwenyewe. Imenigharimu soda tatu na balbu, na bendi ya mita 40 imerudi. Redio ya wati 100 ingenigharimu mamilioni na Mangi angebaki palepale.

KilazaMwandamizi

Na gizani je? Ulisema utakuja.

NuktaTano

Umeme ukikatika, mkuu. Mtaa mzima unalalamika, "aah wamechukua", watoto wanapiga kelele, mimi nakimbia kwenye redio. Chaja zote zimelala, taa zote, friji za inveta, ving'amuzi. Sindano ya mita inaanguka chini kabisa na vituo vilivyokuwa chini ya kelele vinatokea kimoja kimoja, unasikia hadi watu wa Australia wananong'ona. Mke wangu ameshazoea. Umeme ukienda anasema "haya, mwenye sherehe kaenda". Shida ni wenye jenereta na siku hizi wenye sola. Vile vidhibiti vya sola vya bei rahisi ni balaa la mchana kutwa. Kidogo usiku vinapumzika.

Dada_wa_Kisumu

Nimezima swichi kuu. KIMYA. Ni chaja ya kompyuta yangu mwenyewe! Sasa nasikia stesheni. Najuaje kama anga liko wazi au ni mimi tu?

NuktaTano

Safi sana! Hiyo chaja mpe mtu asiyekuwa na redio.

Kuna bikoni 18 duniani, yaani vituo vinavyojirushia alama vyenyewe ili watu wapime anga, zinazotangaza kwa zamu kwenye megahezi 14.100. Kila moja sekunde 10, mzunguko dakika 3. Kenya mnayo yenu, 5Z4B, ingawa kwa Kisumu huenda ikaruka juu ya kichwa chako kama Pangani kwangu. Sikiliza ZS6DN ya Afrika Kusini, 4X6TU ya Israeli, OH2B ya Finland, 4S7B ya Sri Lanka. Utamu wake kwa watu kama sisi: bikoni inatuma alama yake kwa wati 100, kisha mistari minne ya sekunde moja moja. Wa kwanza bado wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia wa pili kutoka Finland, basi kwa njia hiyo na saa hiyo wati tano zina nafasi nzuri. Ukisikia wa nne, kaa chini uandike tarehe.

Kingine, ukiita CQ kwa Morse vipokezi vya mtandao wa Reverse Beacon vinakusoma vyenyewe na kukuweka kwenye tovuti. Ndani ya dakika unaona nani alikusikia na kwa desibeli ngapi. Ila jiandae. Sisi tuna bahati ambayo Mzungu hana: yeye akiita kwa wati tano ni mmoja wa maelfu, wewe ukiita kwa 5Z, mwanzo wa alama za Kenya, au mimi kwa 5H ya Tanzania, wanaotafuta Afrika Mashariki wanakuja kama wote. Wakirundikana usigombane nao. Tuma UP, yaani nijibuni juu kidogo, uwasikilize kilohezi moja juu, okota mmoja mmoja.

BinUnguja_Muscat

Hilo la 5H nna neno. Siku nyengine naskia nukta tu, sijui ni nani.

NuktaTano

Umeigusa, hiyo ndiyo adha ya Watanzania. Tano ni nukta tano, H ni nukta nne. Alama zetu zinaanza na nukta tisa mfululizo, hakuna mstari hata mmoja! Ishara ikififia nukta moja tu ikaanguka, mtu anaandika HH au 5S. Mkenya ana nukta tano halafu Z, da-da-di-di, inakaa sikioni. Mimi dawa yangu ni kuacha pengo refu kidogo kati ya 5 na H, na kushuka kasi nikiona mtu ananirudishia kitu cha ajabu. Hapo wengi wanaongeza wati. Punguza kasi kwanza.

Na saa, kwa wanaoandika kumbukumbu: sote tunaandika saa ya UTC, saa moja ya dunia nzima. Mchana ni rahisi kwa Waswahili, chukua saa yetu ongeza tatu. Saa mbili asubuhi ni 0500, saa kumi na mbili jioni ni 1500. Usiku ongeza kumi na tano. Ikizidi ishirini na nne, toa hizo ishirini na nne. Wenzetu wanaotumia saa ya simu ndio wanaohangaika kutoa toa.

MzeeWaPweza

Marahaba nilisahau kuitikia. Mimi nina dishi kubwa la zamani uani, king'amuzi kilikufa. Nasikia kuna satelaiti ya watu wenu.

NuktaTano

Ipo mzee, QO-100, imepanda ndani ya satelaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018. Imesimama nyuzi 25.9 mashariki, kwa pwani yetu iko karibu juu ya utosi, ikiegemea magharibi. Kuisikiliza unahitaji dishi lako, LNB ya kawaida (kile kichwa cha kupokelea mbele ya dishi) na karedio ka USB kwenye kompyuta, masafa ni gigahezi 10.489. Kurusha kunataka gigahezi 2.4 na wati chache tu, lakini hapo lazima leseni ya mamlaka ya mawasiliano, Tanzania TCRA, Kenya CA, Uganda UCC. Ukiongea, unajisikia mwenyewe ukirudi baada ya robo sekunde. Haijali jua limeamkaje, wala Pangani ni karibu au mbali. Mimi binafsi inaniboa kidogo kwa sababu hiyohiyo, ila kwako mzee itakufaa, na dishi unalo.

KilazaMwandamizi

Sina redio, sina dishi, sina mwembe. Ila nimeshikika. Naweza kusikia chochote?

NuktaTano

Unaweza, kwa hilo bando ulilonitajia. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina WebSDR, redio halisi inayoendeshwa kwa kivinjari cha simu. Ifungue kesho saa kumi na mbili jioni, chagua CW (ndiyo Morse), andika 14060. Nitakuwa naita taratibu, maneno kumi na mbili kwa dakika. Ukikuta kuna mtu tayari pale, nitakuwa nimesogea kilohezi moja juu au chini. Umeme ukiwepo nitakuwa nawasikia vibaya lakini nyie mtanisikia vilevile.